Sauti ya Celina Chini ya Kwaya

Wapiga video wa zamani wa Dar es Salaam walikuwa na dawa moja ya kila ugonjwa, nayo ni kwaya. Mshereheshaji akikohoa kwenye kipaza sauti, weka kwaya. Jenereta ikinguruma nyuma ya ukumbi, weka kwaya. Mpiga video mwenyewe akisikika anafoka, "Mama, geuka huku! Wewe mwenye kilemba, unaziba keki!", hapo ndipo kwaya ilipohitajika hasa. Ndiyo maana ukitazama leo DVD ya harusi ya miaka ile, utawaona watu wanafungua midomo na kuifunga, wanalia, wanacheka, wanapeana nasaha za maisha, na hulisikii hata neno moja la walichosema. Unasikia soprano tu. Nani aliwaambia kwamba watu wanataka soprano, hajulikani mpaka leo.

Heriel Kimambo alikuwa bingwa wa dawa hiyo. Chumba chake cha kazi kipo Mchafukoge, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa, na kwa miaka zaidi ya ishirini alitoka pale na begi lake la kamera kwenda kupiga ubatizo, kipaimara, harusi na misiba ya watu. Sasa ana miaka sitini na mmoja. Kazi za kumbi zimechukuliwa na vijana wenye kamera za kuruka angani, na yeye amebaki na picha za pasipoti na kulaminisha vyeti. Hakulalamika sana kuhusu hilo. Aliyekuwa akimsikiliza akilalamika amekufa mwaka jana.

Huyo ni Celina, mkewe. Kiharusi kilimpata miezi saba baada ya kumwoza binti yao Vicky. Mguu ulirudi, akaweza kutembea kwa kuburuta. Maneno hayakurudi, si mdomoni wala mkononi, maana hata kalamu ukimpa alichora mistari tu, akaiangalia kwa hasira, akaitupa. Aliishi hivyo miaka kumi na minne. Alipozikwa kwao Heriel, Machame, kwenye migomba nyuma ya nyumba, ndugu walisema amepumzika, na Heriel akaitikia.

Wiki moja na nusu kabla ya ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, Vicky alikuja ofisini kutoka Upanga anakoishi na mumewe na watoto wawili. Alipanda ngazi taratibu, akamsalimu baba yake, akakaa kwenye kiti cha wateja wa pasipoti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo." Akatoa DVD kwenye mkoba na kuiweka mezani. Ilikuwa ya sherehe ya kumuaga, ile ambayo watu wa mjini wanaiita sendofu. "Jana nimeiangalia na wajukuu zako. Mama ameshika maiki, anaongea dakika nne nzima, na mimi nimesimama mbele yake nalia. Baba, alikuwa anasema nini?"

"Nasaha."

"Nasaha gani?"

Heriel alivua miwani akaifuta, na miwani haikuwa chafu. Hakujua. Usiku ule alikuwa anaangalia mwanga, anaangalia kama kilemba cha Celina hakijakatwa juu ya picha. "Si ulikuwepo mwenyewe, Vicky? Uso kwa uso naye."

"Bibi harusi anasikia nini, baba? Nilikuwa nalia. Wanangu hawajawahi kusikia sauti ya bibi yao. Hata siku moja. Wamemjua bubu. Yule mdogo jana ameniuliza, kumbe bibi alikuwa anaongea? Nataka wamsikie pale kaburini, Jumamosi ya wiki ijayo. Hilo tu ndilo nalitaka."

Ni kweli hapakuwa na mahali pengine pa kumsikia. Siku hizi mtu akifa anaacha sauti mia mbili kwenye simu za watu, nyingi zikiuliza kama nyanya zimeshanunuliwa. Celina alinyamazishwa kabla ya hayo yote. Sauti yake ilibaki mahali pamoja duniani: kwenye kanda mama ya sendofu, kanda ndogo ya dijitali isiyozidi ukubwa wa kiberiti, kabla Heriel hajaifunika kwa kwaya.

Na kanda hiyo ilikuwapo. Hilo lenyewe ni muujiza, kwa sababu kanda za wateja Heriel alikuwa akizirudia, anapiga harusi ya huyu juu ya kipaimara cha yule. Hii Celina aliichukua mwenyewe, akaandika juu yake kwa wino mwekundu "Vicky, usifute", akaificha kwenye kopo la biskuti kabatini. Kamera nayo ilikuwapo, imelala kwenye begi lake na vumbi. Heriel aliijaribu jioni ile kwa kanda ya kipaimara cha watoto ambao sasa ni watu wazima. Ilizunguka vizuri mpaka mwisho. Alipobonyeza kuirudisha nyuma, kamera ikatoa mlio wa kusaga, na alipofungua akakuta kanda imetafunwa, imejikunja kama utumbo wa kuku.

Kwa hiyo akajua. Kanda ya Vicky ilikuwa imesharudishwa mwanzo tangu zamani, ingekwenda mbele mara moja. Mara ya pili isingekuwapo.

"Si uiache icheze tu, mimi nirekodi kwa simu?" Vicky alimuuliza kwenye simu.

"Kioo cha kamera kimekufa, spika yake ni ya kusikiliza mbu. Mama yako atapita mara moja, Vicky. Sitampitisha kwenye simu. Tuliza moyo, nitafute njia."

Njia yenyewe ilikuwa ni waya. Watu wengi wanadhani waya ni waya, mradi umeingia kwenye tundu. Heriel alijua vingine. Kamera ile ilikuwa na matundu matatu, na kila tundu lilitoa Celina wa namna yake. Lile la USB liliwekwa kwa ajili ya picha za mnato. Ukilazimisha video kupita hapo unapata picha ndogo zinazorukaruka, na sauti hakuna kabisa. La pili lilikuwa la nyaya tatu, njano, nyeupe na nyekundu, kama za deki za zamani. La tatu, dogo kuliko yote, lilikuwa la faiwaya. Huo ndio waya aliotumia miaka yote ya kazi yake, na ndio uliokuwa sahihi. Tatizo ni kwamba kompyuta yenye tundu la kuupokea aliiuza miaka tisa iliyopita, na tangu hapo watengenezaji wameliondoa tundu hilo kwenye mashine zao bila kumuuliza Heriel wala mtu mwingine.

Asubuhi yake akaenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa Hafidhi. Huyu ni muuza vifaa vya kompyuta, mtu wa makamo, duka lake lina upana wa mlango mmoja, na amefahamiana na Heriel tangu enzi za kanda, akimwita Mangi kama wanavyoitwa Wachaga wengi mjini.

"Mangi! Shikamoo. Umepotea sana."

"Marahaba, Hafidhi. Nataka faiwaya. Waya wake ninao, nataka kadi ya kuchomeka kwenye kompyuta."

Hafidhi akacheka mpaka akashika kaunta. "Faiwaya siku hizi ni adimu kama wali wa daku, Mangi. Nani anayo? Chukua hii." Akashusha waya mpya uliofungwa kwenye nailoni, upande mmoja USB, upande wa pili kichwa kidogo cha faiwaya. "Huku inaingia kwenye kamera, huku kwenye laptopu. Mchezo umekwisha."

"Mchezo haujaanza. Mimi huo ulishanila hela zamani. Unaingia kote kuwili na haufanyi kazi popote. Vichwa vinakubaliana, lugha havielewani."

"Basi chukua kidude cha nyaya tatu. Wote wananunua hicho."

Heriel alikichukua akakijaribu. Alikifunga na laptopu ya Vicky, akapitisha kanda nyingine ya kazi za zamani, harusi ya watu wa mtaa wa Gerezani. Picha ilitoka, imepauka kidogo, si mbaya. Sauti ilikuja na muungurumo kama friji imewashwa ndani ya ukumbi. Hilo nalo angeweza kulivumilia. Kilichomshinda ni kwamba kadiri dakika zilivyokwenda sauti ilibaki nyuma. Kufika dakika ya arobaini mchungaji alikuwa anafunga mdomo kwanza, halafu ndipo "Amina" inasikika.

Akachomoa nyaya zote. Kichwani alimwona Celina anafunga mdomo na neno lake linakuja baadaye, kama la mtu mwingine, mbele ya wajukuu ambao hawajawahi kumsikia, na akaona hapana. Miaka kumi na minne mdomo wake ulikwenda bila neno. Inatosha.

Vicky hakukielewa kichwa kigumu hicho, au alikielewa na kikamuudhi. "Baba, bora tupate kidogo kuliko kukosa. Safari ya Machame ni Alhamisi. Wewe unatafuta kitu ambacho hakipo."

"Faiwaya hautafsiri, mama," alisema Heriel. "Kilichoandikwa kwenye kanda ndicho kinachohamia. Hauongezi, haupunguzi, mdomo na neno vinakwenda pamoja. Nipe mpaka Jumatano."

Siku zikaenda. Kila asubuhi alipita Aggrey, na kila asubuhi Hafidhi alimwambia bado, sasa bila kucheka. Alikuwa ameshaambiwa ni sauti ya nani. Jumanne mchana Hafidhi akapiga simu mwenyewe. Alikuwa Gerezani, kwenye karakana moja jirani na reli ambako wananunua kompyuta mbovu za maofisi kwa uzito wa chuma, na alikuwa amefungua makasha kumi na moja kwa bisibisi yake.

"Njoo Mangi. La kumi na mbili linayo."

Heriel akavuka njia ya mabasi ya mwendokasi karibu agongwe. Alimkuta Hafidhi amechuchumaa katikati ya makasha yaliyofumuliwa, shati limejaa masizi, ameishika kadi kwa ncha za vidole. Hakutaka kusikia habari ya malipo. "Ya mama ni ya mama," alisema, akajifuta mikono kwenye suruali.

Usiku ule Heriel hakuigusa kanda. Alifunga kadi kwenye kompyuta ya mezani ya jirani wa ofisini, akaijaribu kwa dakika zilizobaki za ile harusi ya Gerezani, ikakubali, picha safi, sauti safi. Akalala akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu mazishi. Ukweli ni kwamba alijivunia. Kwa mara ya mwisho katika maisha yake ujuzi wake ulikuwa unahitajika, na hakuna kijana wa kamera za angani ambaye angeuweza.

Jumatano saa tatu asubuhi Vicky alifika na chapati kwenye hotipoti. Wakafunga mlango. Heriel akaingiza kanda, akabonyeza, na ule ukumbi ukafunguka kwenye kioo kama ulivyokuwa: mapambo ya rangi ya zambarau, feni zinazunguka, watoto wanakimbia. Na sauti. Kumbe ukumbi ule ulikuwa na kelele hivyo! Na juu ya kelele zote, karibu kabisa na maiki ya kamera, sauti ya mwanamume inaamrisha bila kuchoka.

"Shangazi, usipite mbele ya kamera! Wewe, MC, mlete bibi harusi huku, kuna giza huko!"

Vicky akacheka, akafunika mdomo. "Baba, ni wewe huyo?"

"Ndiyo kazi," alisema Heriel, na yeye akacheka kidogo. Alikuwa amesahau jinsi alivyokuwa akifoka. Ndugu walimsema sana siku ile. Baba wa binti anakaa meza kuu na mkewe, hashiki kamera. Lakini Heriel asingemlipa mtu kwa kazi anayoijua mwenyewe, na zaidi ya hapo aliamini kwa moyo wake wote kwamba kumpiga binti yake picha nzuri ndiyo namna yake ya kumpenda. Kiti chake kilionekana kwenye kioo, kitupu, karibu na Celina, na mkoba wa Celina umewekwa juu yake.

Dakika ya hamsini na nne Celina akapewa maiki.

"Shikamooni wakubwa zangu," alisema.

Heriel akashika ukingo wa meza. Sauti ilikuwa nzito, ya chini, yenye mkwaruzo kidogo, sauti ya mwanamke aliyeamka sasa hivi. Haikuwa sauti aliyokuwa akiikumbuka. Kwa miaka yote ile alikuwa amempa mkewe sauti nyingine kichwani, nyembamba zaidi, sijui aliitoa wapi, na alikuwa akiongea nayo usiku akidhani ni yeye. Alimwonea Celina huruma, na akajionea aibu.

Celina akawashukuru wakwe, akaishukuru kamati, akamtaja mchungaji. Akasema yeye si msemaji, msemaji wa nyumba yao yuko kule nyuma ya kamera, na ukumbi ukacheka. Kisha akamgeukia Vicky.

"Vicky mwanangu. Siku naolewa mimi, mama yangu aliniita pembeni akaniambia neno moja. Yeye aliambiwa na mama yake. Akanikanya nisilitoe, nilitunze mpaka na mimi nitakapomtoa binti. Nimelitunza miaka ishirini na sita. Na leo nataka mbele ya watu hawa wote..."

"Mama Vicky, fupisha!" Sauti ya mwanamume, kubwa, karibu, ikapiga juu ya ile ya chini. "Kanda inaisha!"

Kwenye kioo Celina akainua macho, akaitazama kamera moja kwa moja. Akatabasamu. Tabasamu hilo Heriel analifahamu, ameliona mara mia chini ya kwaya, na siku zote alilihesabu kuwa la furaha.

"Haya," alisema Celina. "Mume wangu anasema kanda inaisha. Mtatusamehe. Vicky, mama, nitakuambia nyumbani."

Vigelegele vikapigwa. Mama na binti wakakumbatiana muda mrefu, binti analia. Mchungaji akasimama kwa sala ya kufunga, na ndani ya sala kioo kikawa cheusi.

Kompyuta iliandika kwamba kazi imekamilika bila hitilafu hata moja. Huko chini muuza vitambaa alikuwa anabishana na mteja juu ya mita.

"Alikuambia?" Heriel aliuliza mwishowe.

Vicky akatikisa kichwa kukataa. "Tulirudi nyumba imejaa mashangazi. Nililala na binti zao kwenye godoro moja. Halafu ndoa, halafu tukahamia Mwanza." Aliongea polepole kama anayehesabu. "Kwenye simu aliniambia mara mbili, ukija Desemba tuna mazungumzo. Desemba nilikuwa na mimba, nikakatazwa safari. Machi akaanguka."

Mama yake Celina alikwisha kufa zamani, na Celina hakuwa na dada. Heriel alimpitia kila mtu kichwani, Machame yote, akitafuta mwanamke mmoja ambaye angeweza kulijua neno lile, na hakumpata.

"Hukuwa na kanda nyingine, baba?"

Angeweza kusema hakuwa nayo. Nani angejua? Waya ulikuwa umehamisha kila kitu isipokuwa kilichokuwa ndani ya begi.

"Nilikuwa nayo," alisema. "Mpya, haijafunguliwa. Niliiweka kwa ajili ya kazi ya kesho yake. Ubatizo wa watu. Nilimkatisha mama yako kwa ubatizo wa watu nisiowajua hata majina. Nisamehe, Vicky."

Vicky hakuwa amekasirika, na ingekuwa nafuu kama angekasirika. Alikuwa akiutazama mkono wake wa kulia, ameulaza mezani karibu na chapati ambazo hazikuguswa.

"Kila nilipokuja kumwona alikuwa ananishika hapa," alisema. "Unakumbuka? Ananivuta mpaka sikio linafika mdomoni kwake. Anahangaika, jasho linamtoka. Miaka yote hiyo."

"Nakumbuka."

"Sisi tukasema ana kiu." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Nilikuwa nakimbia jikoni namletea maji, baba. Na yeye alikuwa ananiangalia, halafu anayanywa."